Mke Niliyemkiri kwa Kiingereza

Jumanne, 26 Septemba 1989. Marodoka, Nosy Be.

Halimati amechoka. Amesema hivyo asubuhi, huku akigeuza vitumbua, wala hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele. Mtu akipiga kelele najua pa kujificha.

Neno lenyewe si geni. Miaka mitatu ni mke wangu na hakuna anayejua. Tulioana sebuleni kwake, mlango umefungwa, Fundi Djaffar, mwalimu wetu wa dini, akasoma hotuba ya ndoa kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Mashahidi walikuwa wawili. Mmoja amefariki, mwingine amehamia kisiwa cha Maore. Ndoa halali kabisa, haina ila. Imekosa watu tu.

Hapa Marodoka wote wanamjua Halimati kama mjane muuza vitumbua. Mimi wananijua kama Mesye Oumouri, mwalimu wa Kiingereza, ninayekwenda kwake kumfundisha ili awauzie watalii. Leo jirani yake ameniuliza kwa nini mwaka wa tatu huu bado hajui kuhesabu hadi kumi. Nimemjibu kwamba Kiingereza ni kigumu.

Sasa Halimati ametoa sharti. Maulidi ni tarehe kumi na tatu mwezi ujao. Baada ya dua, hapo uwanjani pa msikiti wanaposimama wenye matangazo yao, nisimame niseme kwa kinywa changu kwamba yeye ni mke wangu. Nisiposema, anataka talaka yake.

Nimemwambia nitasema. Nimesema upesi mno. Amenitazama, akarudi kwenye vitumbua.

Jumatano, 27 Septemba.

Niweke mambo wazi, angalau humu. Naandika Kiswahili, nilichokipata Tanga nilipokaa kwa mjomba. Hapa watu wana Kimalagasi chao na Kifaransa chao, na majumbani Kingazija. Kiswahili kimebaki kwa Fundi Djaffar, naye macho yamekwisha. Niko salama.

Shida si mimi. Shida ni dada Mariamou, aliyeko Ampisikina, Mahajanga. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki, na yeye ndiye aliyenitafutia mchumba: Hasnati binti Bourhane, mfanyabiashara wa vitambaa. Kwetu sisi mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na baba humjengea binti yake nyumba. Nyumba ya Hasnati nimeiona. Ya mawe! Bati jipya, baraza mbele na nyuma, na jikoni kuna jokofu. Jokofu linafanya kazi. Niliingiza mkono ndani nikauacha humo mpaka dada akaniambia nifunge mlango.

Bwana Bourhane amesema hampi binti yake mtu mwenye mke kwingine. Basi kwa Bwana Bourhane sina mke. Kwa Halimati ninaye. Mpango wangu umekuwa kungoja, na nimengoja vizuri sana. Kama si hii Maulidi ningeendelea.

Alhamisi, 28 Septemba.

Darasa mjini Hell-Ville, chumba cha nyuma ya duka la Mhindi. Wanafunzi karibu wote wanatafuta kazi za hoteli, isipokuwa wawili. Mmoja ni Attoumane wa forodhani, anayetaka kuwaelewa mabaharia. Mwingine ni Fazul, msimamizi katika kiwanda cha sukari cha Dzamandzar. Huyu sijui anataka nini. Anakuja na pikipiki yake ndogo, shati limepigwa pasi, anakaa mbele. Kazi yake haina makosa. Akikosea anasema mwenyewe kabla sijaona. Simpendi.

Baada ya darasa ameniomba faragha. Amesema mimi ni mtu wa heshima, tena nina mazoea na nyumba ya Bi Halimati kwa sababu ya masomo. Amesema mkewe wa kwanza alifariki, mshahara wake si haba, na kwamba mwaka mzima amekuwa akinunua vitumbua kuliko anavyoweza kula. Anaomba niwe mshenga wake.

Nilikohoa. Nikaendelea kukohoa. Akaniletea maji.

Ningemwambia nini? Ningesema huyo ni mke wangu, kesho kingejua kisiwa chote cha Nosy Be, keshokutwa Mahajanga. Ningekataa bila sababu, watu wangejiuliza mwalimu anaona uchungu gani mjane akiposwa. Nimekubali. Fazul amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na macho yalikuwa yamemlowa.

Ijumaa, 29 Septemba.

Nimeamka na akili mpya. Mshenga ndiye njia! Neno la mwanamume linapita kwangu, neno la mwanamke linapita kwangu. Si lazima hata nifike kwa Halimati. Nitakaa siku mbili, nitarudi kwa Fazul na uso wa huzuni, nitamwambia bibi amekataa, Mungu akupe mwingine. Mke wangu atabaki wangu, Fazul atabaki na heshima yake, na mimi nitaonekana mtu mzuri. Wallahi, wakati mwingine najishangaa.

Jioni. Fazul amefika na posa. Shiromani nzuri, nguo ya kujitanda ya wanawake wa kwetu, na gunia la sukari kutoka kiwandani. Gunia! Amelishusha mlangoni kwangu huku mtaa mzima ukitazama. Wamenipigia vigelegele wanawake wawili. Gunia halifichiki. Itabidi nilipeleke.

Jumapili, 1 Oktoba.

Nimelibeba. Kichwani, mchana kweupe, shiromani begani. Watoto wamenifuata. Jirani wa Halimati, yule wa hesabu, ameingia nami ndani bila kualikwa, akakaa, akasema anasubiri kusikia.

Kwa kuwa yeye alikuwepo, ilinibidi niseme maneno yote kama yanavyosemwa. Kwamba nimetumwa, kwamba tumeona ua katika nyumba hii, kwamba tunaomba ukaribu. Nimemposea mke wangu kwa mtu mwingine, kwa adabu zote, bila kuruka neno. Mwishoni jirani amesema hajapata kusikia mshenga mwenye ulimi kama huu.

Halimati alikuwa amejifunika nguo mpaka kwenye nyusi. Akaniuliza mimi, mshenga, namwonaje huyo bwana. Ningemkashifu mbele ya jirani? Nikasema ni mtu mnyofu. Akaniuliza kama ni mtu wa kumficha mkewe. Nikasema sidhani. Akasema shiromani irudi kwa mwenyewe, maana bado hajakubali kitu. Sukari ibaki iwe sadaka, ataipikia vitumbua vya Maulidi. Na jibu la posa bwana atalipata siku hiyohiyo ya Maulidi, mbele ya watu.

Jirani alipoondoka nimejaribu kucheka naye kidogo. Hakucheka. Amekaanga vitumbua vya kujaribia sukari, akaniwekea sahani mbele bila neno. Nimekula vinne. Vilikuwa vitamu kuliko vya siku zote. Nimeionea wivu sukari ya Fazul.

Jumanne, 3 Oktoba.

Darasa. Kitabu changu cha Kiingereza nilikipata Tanga kikiwa tayari kimepoteza mwanzo na mwisho, kwa hiyo tunafundishana kilichobaki. Huwa nasoma ukurasa mmoja mbele yao. Jana sikusoma, kwa ajili ya wivu. Leo nimefungua, na ukurasa ulionifungukia ni wa vitenzi vya kukiri na kutangaza. Nilitaka kuuruka. Fazul akasema, Mesye, tumeruka ukurasa.

Ni vingi ajabu. Sisi tunasema kukiri, tukaendelea na safari. Waingereza wana admit, confess, acknowledge, declare, avow, profess. Lazima ni watu wenye mengi ya kuficha.

Nimewaeleza hivi. Admit ni kukubali jambo ukiwa umebanwa. Confess ni kuungama, kuna dhambi ndani yake. Acknowledge ni kukitambua kitu kwamba ni chako, mtoto kwa mfano, au saini. Declare, Attoumane akadakia mwenyewe kwa furaha: abiria anafungua sanduku lake forodhani anasema nina hiki na hiki! Avow ni kusema waziwazi mbele ya watu, bila haya, na huku ukijua utalipa. Profess nimewaambia ni kudai kwamba una kitu, na huenda unacho, na huenda huna. Hapo nikanywa maji.

Nadjma, anayetaka kazi ya mapokezi hotelini, akaomba mifano. Kwa kawaida mifano yangu ni ya ng'ombe na treni. Sikupata ng'ombe anayekiri. Fazul akatoa wake: mtu anampenda mwanamke na anasema mbele ya watu wote. Akauliza hapo ni kipi. Nikasema avow. Akakiandika, akakirudia chini kwa chini mara nyingi kama anayekionja. Darasa lote likarudia naye. Sijawahi kuona somo likiwaingia namna ile. Wamenipigia makofi.

Ijumaa, 6 Oktoba.

Simu ya maandishi kutoka Mahajanga. Dada Mariamou anakuja kwa Maulidi! Bwana Bourhane amekubali. Mimi na dada tutarudi Ampisikina ndoa ifungwe kabla ya mvua. Ameongeza neno moja: furaha. Kila neno posta wanalilipisha, na yeye amelilipia hilo.

Nimeketi nikatazama ukuta. Nikisema, napoteza nyumba na kumvunja dada moyo. Nisiposema, nampoteza Halimati. Na Fazul amekaa pale na shati lake, anangoja jibu.

Jumamosi, 7 Oktoba.

Nimejaribu kuugua. Nimelala na kujifunika blanketi ili nitoke jasho. Halimati amekuja kupitia mlango wa nyuma na uji, akanigusa paji la uso, akasema Maulidi bado siku sita, nitakuwa nimepona.

Jumatatu, 9 Oktoba.

Nimekwenda kwa Fundi Djaffar kutafuta mlango. Nimemuuliza kama kutangaza ndoa ni lazima. Amesema ndoa hupigiwa dufu, na kwamba aliifunga ile yetu kimya kwa sababu nilimwahidi ni wiki moja. Kumbe anakumbuka! Nimemuuliza kama mtu akitangaza kwa sauti ndogo inatosha. Amesema watu wasikie. Nimemuuliza, basi tu nikiwa mlangoni natoka, kama lugha ina tofauti. Amesema Mwenyezi Mungu anazijua lugha zote.

Nimerudi nyumbani nikikimbia.

Lugha zote! Nitasimama, nitatangaza, watu watasikia, kila neno litakuwa kweli. Kwa Kiingereza! Dada hana hata neno moja la Kiingereza. Wazee wa msikitini ndio kabisa. Halimati nitamwambia: nimesema mbele ya watu, ulitaka kinywa changu, ulikipata. Baadaye, ndoa ya Ampisikina ikishatulia, tutatafuta namna. Kila mtu atakuwa amepata chake. Na mwanamke akiwa na jibu kwamba ana mume, Fazul atarudi Dzamandzar na shiromani yake.

Sioni tundu. Nimeutazama mpango huu pande zote, hauvuji popote.

Jumatano, 11 Oktoba.

Dada Mariamou ameshuka na meli ya mizigo, amechafukwa na bahari na amefurahi. Ameniletea kanzu aliyoishona mwenyewe na kofia yenye kazi ya mkono ya miezi. Amenivalisha papo hapo gatini, watu wakipita. Amesema nimekonda. Amelia kidogo, akacheka, akaomba kitu cha kula.

Nimempa vitumbua vya Halimati. Vingine vilikuwa havipo mjini. Amekula, akasimama, akala tena. Ameuliza nani kapika. Nimesema mjane mmoja. Amesema yeyote atakayempata mjane huyo kapata. Nikakohoa.

Alhamisi, 12 Oktoba.

Nimetunga. Nimeweka declare, acknowledge na avow, vyote vitatu, ili Halimati asije akasema nimebania. Jina lake nimeliacha, kwa sababu jina halina Kiingereza. Nimesema mama anayepika vitumbua. Nimejizoeza mbele ya kioo nikiwa na kanzu ya dada. Kwa kweli napendeza.

Halimati nimemwambia leo asiwe na wasiwasi, kesho nitasimama. Akatabasamu. Nilikuwa nimesahau tabasamu lile. Amepaka hina.

Ijumaa, 13 Oktoba. Maulidi.

Niandike kama ilivyokuwa.

Uwanja ulijaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia upande wa baraza. Tumesoma, tumeitikia, dua imekwisha. Sinia za vitumbua zilianza kupita, naye Fazul alikuwa amebeba moja, maana hakosi kusaidia. Fundi Djaffar akauliza nani ana tangazo. Mmoja akasema amepata mtoto. Mwingine akasema amepoteza mbuzi. Nikasimama.

Nilisema kwa sauti kubwa, kwa Kiingereza safi: natangaza, natambua, tena nakiri waziwazi, kwamba mama aliyepika vitumbua hivi ni mke wangu wa halali, mwaka wa tatu sasa. Nikaketi.

Wazee wakasema amin. Dada Mariamou, nilimwona pembeni mwa pazia, alikuwa anajifuta macho, anamwambia mwenzake kwamba yule ni ndugu yake, anaongea Kiingereza. Nikachukua kitumbua. Ilikuwa imepita! Nilikuwa nimeshinda!

Hapo Attoumane wa forodhani akasimama. Uso umeng'aa. Alikuwa ameelewa sentensi nzima ya Kiingereza kwa mara ya kwanza maishani mwake, na hakuweza kuizuia. Akawageukia watu akawapa yote kwa Kimalagasi, halafu tena kwa Kingazija kwa ajili ya wazee. Akawaeleza na tofauti ya vile vitenzi vitatu. Kutoka nyuma ya pazia Nadjma akaongeza kwamba Mesye amesema pia wa halali, na mwaka wa tatu. Wanafunzi wengine wakatikisa vichwa kukubali. Hawajui kuomba chai kwa Kiingereza. Hawajui kusema ni saa ngapi. Wanajua ukurasa mmoja tu, na niliwafundisha mimi.

 Fazul alibaki amesimama na sinia.

 Fundi Djaffar akaniita kwa jina, polepole. Yeye anajua. Yeye ndiye aliyetuozesha. Akaniuliza mbele ya watu, kwa lugha ya nyumbani, kama niliyosema ni kweli.

Alikuwa ananifungulia mlango. Nililijua hilo wakati uleule. Lilihitajika neno moja. Chini ya pazia niliona miguu ya Halimati yenye hina, amesogea mbele kabisa, vidole vimegusa ukingo wa baraza. Upande wa pili dada Mariamou alikuwa amejiwekea mkono kifuani, ananitazama.

Nikasema ni mfano wa darasani.

Watu wakacheka, baadhi yao. Attoumane akaketi taratibu. Fundi Djaffar aliinamisha kichwa akakaa hivyo. Nilipotazama tena chini ya pazia, miguu haikuwapo.

Jumamosi, 14 Oktoba.

Mlango wa Halimati umefungwa, wa mbele na wa nyuma. Nimebisha. Jirani ametoka kuniambia kwamba leo hakuna somo.

Dada ameniuliza mara moja, asubuhi, kama kuna kitu nataka kumwambia. Nimesema hakuna.

Adhuhuri amekuja Fazul. Hakuketi. Ameniuliza kiume, sisi wawili tu. Nimemwambia ni mfano. Amesema mifano yangu huwa ya ng'ombe na treni. Kisha amesema kama alimtuma mume kumposea mkewe, basi yeye Fazul ametenda kosa bila kujua, na anaomba nimsamehe. Amesema atakaa mbali mpaka ijulikane. Ameomba msamaha! Kwangu! Nimemwambia nimemsamehe. Sijui ningesema nini kingine. Mtu huyu atanimaliza.

Jumatano, 18 Oktoba.

Fundi Djaffar ameniita nyumbani kwake. Halimati alikuwapo, amekaa kwenye mkeka, mikono mapajani.

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Fundi amesema kwanza msikilize mwenzio. Halimati amesema hakuja kugombana. Amesema angevumilia kuwa mke wa pili. Angevumilia hata siri, kama angejua mwisho wake. Lakini Ijumaa alisimama nyuma ya pazia akiwa mke, akaondoka akiwa mfano.  Amesema bado ananipenda na kwamba hilo analisema bila haya mbele ya Fundi, mimi niangalie linavyosemwa.

Kisha ametoa neno lake la mwisho. Ijumaa hii, baada ya sala, mlangoni mwa msikiti, kwa lugha ambayo mama yake angeielewa. Au talaka.

Nimesema Ijumaa nitakuwa pale. Nimeapa.

Alhamisi, 19 Oktoba.

Nimeamka alfajiri nikajizoeza. Kwa Kingazija. Ni maneno matatu: Halimati, mke wangu. Haya, mengine ni ya kupambia. Mbele ya kioo nimeyasema bila shida. Nimetoka nje nikayasema mbele ya kuku. Halafu akapita mtu na baiskeli, nikanyamaza.

Dada amesema meli inaondoka leo alasiri badala ya kesho.

Nikafikiri. Ndoa inataka dufu, inataka uwanja, inataka watu wote wenye midomo. Talaka inataka nini? Nimekwenda kwa Fundi Djaffar kumuuliza. Amesema talaka ni neno la mume, wala haihitaji uwanja. Basi nikalisema, hapohapo, kwenye mkeka wake. Mara moja tu. Nililisema kwa lugha ya nyumbani, kwa ufasaha, sikukwama. Fundi ameuliza kwa nini nisingoje kesho. Nimemwambia meli ni leo. Ameniomba nitoke, anataka kulala.

Naandika nikiwa melini. Nyuma yetu Nosy Be imekwisha kuwa ndogo. Nilimpenda. Nampenda. Nimeliandika waziwazi, kwa sababu hakuna atakayesoma. Nimelia mpaka dada Mariamou akanisugua mgongo. Amedhani ni bahari. Amenipa kipande cha ndimu ninuse.

Jumapili, 12 Novemba. Ampisikina, Mahajanga.

Habari zilitutangulia. Attoumane ana ndugu katika kila bandari. Bwana Bourhane amemwambia dada kwamba binti yake hataki, na kwamba ni Hasnati mwenyewe aliyesema, hakuna aliyemfundisha. Jokofu limekwenda. Nilipita mbele ya nyumba ile jana, wamepaka rangi.

Halimati yuko kwenye eda. Fazul hajatuma mshenga, hairuhusiwi kabla ya eda kwisha, lakini inasemekana hivi sasa anajenga jiko jipya Dzamandzar, na vitumbua hanunui tena, anapita mbali na mlango wa Halimati mpaka siku zitimie. Marodoka nzima inajua anachongoja na inangoja naye. Nasikia wameshatafuta wapiga dufu.

Dada Mariamou ameujua ukweli wote juzi. Nilifikiri atanipiga. Amekaa chini. Ameniuliza kama ni yule wa vitumbua. Nimesema ndiye. Akalia sana, kuliko siku mama alipofariki. Amesema angemkubali siku ileile, palepale uwanjani. Amesema mkono alijiwekea kifuani kwa kuomba niseme ndiyo, kwa sababu alikwisha kuiona miguu ya mwanamke yule ikisogea, na hakuna mwanamke anayesogea hivyo kwa ajili ya mfano. Hasnati angeolewa na mwingine, nyumba zipo nyingi. Nilihitaji kutamka neno moja tu, amesema, na watu wote waliokuwa pale walikuwa upande wangu.

Usiku ule sikula.

Lakini mtu lazima ajifunze na aendelee. Nimetafakari siku mbili nzima, na kosa nimeliona. Nilifundisha vizuri mno. Ningeuruka ukurasa ule, kama nilivyotaka mwenyewe, leo ningekuwa na mke Marodoka na jokofu Mahajanga. Darasa nitakalofungua hapa nitaanza na majina ya matunda, na nitaishia hapo.

Tena Mungu hamtupi mja wake. Chumba nilichopanga ni cha Bibi Sitti, mshonaji, mjane, mpole, ana nyumba yake mwenyewe yenye baraza na kisima. Tumezungumza jana alasiri wakati akinitia kishikizo cha kanzu, ile aliyoishona dada. Leo nimemwomba tuoane. Amekubali! Itakuwa Alhamisi, ndani kwake, watu wachache, mlango tutaurudisha ili upepo usisumbue. Ni mwanamke mwelewa. Ameuliza tu ni lini dada Mariamou atakuja kumwona. Nimemwambia nitasema naye, wakati ukifaa.